Kitengo cha Kupima Nia

Mwanzoni mwa Septemba, wanafunzi wanaporudi chuoni na magari kujipanga kutoka kituo cha mafuta hadi mlangoni kwa mchungaji, Mweka Hazina wa Kaunti ya Pruett, Mheshimiwa Delmar Stubblefield, alisimama kwenye ngazi za jengo la kaunti akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo serikali itakuwa inapima nia za watu.

Hapakuwa na sababu ya kushangaa. Sheria ya jimbo ilikuwa wazi. Mwanafunzi aliyetoka jimbo jingine na kuja kusoma kwa muda anaruhusiwa kubaki na leseni ya udereva ya kwao, na gari lake libaki na namba za kwao, mradi hana nia ya kukaa. Mwenye nia ya kukaa sharti abadili vyote viwili, tena upesi, na alipie. Sheria ilitamka neno nia ikanyamaza, kama mtu anayekutuma sokoni ukamletee kitu. Kwa miaka mingi makarani walimwuliza mwanafunzi, "Una nia ya kukaa?" naye akajibu, "Sina," kisha wakaagana kwa amani. Mheshimiwa Stubblefield aliona huo ni uzembe. Huwezi kumwuliza mwizi kama ameiba, halafu ukamshukuru kwa ushirikiano.

"Ndugu wananchi," alisema pale ngazini, "mtu anaweza kuwa na gari moja na majimbo mawili moyoni. Sisi tutaingia humo moyoni."

Watu wakapiga makofi. Wengi wao walikuja kulipia vibali vya mbwa, wakadhani hotuba inahusu mbwa.

Kitengo cha Kupima Nia kilipewa chumba kilichokuwa stoo ya ndoo na matambara. Mtumishi wake wa kwanza, na wa mwisho, alikuwa Bi Twyla Buck, karani wa dirisha la pili, mama mnene mpole aliyekula mbegu za alizeti kutwa nzima na kutema maganda kwenye kikombe cha kumbukumbu ya mkutano wa makarani. Alipandishwa cheo akawa Mpimaji Mwandamizi wa Nia. Mshahara ulibaki ule ule, ila kiti kilikuwa kipya.

Mwongozo aliuandika mheshimiwa mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikaa dirishani akiwatazama vijana wakipita na vitabu vyao, na polepole akagundua dalili. Mtu asiye na nia ya kukaa hanunui mapazia. Hajui jina la kinyozi wake. Mvua ikinyesha, mgeni huishangaa, lakini mwenyeji huilalamikia. Aliyepanda ua kwenye chungu anasubiri lichanue, na anayesubiri anakaa.

"Na mwenye paka?" Twyla aliuliza.

Mheshimiwa alilifikiria hilo mchana wote, hata mkate wake wa nyama ukakauka juu ya meza.

"Paka," alisema hatimaye, "ni hatua ya mwisho kabla ya kununua kaburi."

Msichana aliyeingia asubuhi ile ya Jumatano alikuwa mrefu, nywele zake nyeupe kama nyuzi za mahindi, na alivaa sare ya uuguzi iliyofubaa. Alikuja kwa miguu kwa sababu gari lake, gari dogo la kahawia lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, lilikuwa limefungwa kufuli la gurudumu nje ya maktaba. Mheshimiwa alikuwepo kitengoni siku hiyo, akisimamia ubora.

"Jina?" Twyla aliuliza.

"Marit Tvedt. Natoka Minnesota, nasomea uuguzi. Mmelifunga gari langu, na kesho alfajiri natakiwa Harlan Creek, kwenye nyumba ya wazee, kwa mafunzo ya vitendo. Basi halifiki kule. Nikikosa zamu nafutwa kwenye programu."

"Una nia ya kukaa Pruett?"

"Sina. Nikimaliza narudi kwetu."

Twyla akamgeukia mheshimiwa. "Kasema hana."

"Wote husema hana," mheshimiwa alijibu, akavuta kiti karibu. "Binti, ukimaliza darasa jioni, ukiagana na wenzako, unawaambiaje?"

"Nawaambia naenda nyumbani."

Mheshimiwa akaandika.

"Mzee, hivyo ndivyo watu wanavyosema. Nimepanga chumba. Sasa nikiingia chumbani niseme naenda hotelini?"

"Nia huponyoka mdomoni kabla mwenyewe hajaijua. Una ufagio?"

"Ninao."

"Wa kununua au wa kuazima?"

"Wa kununua. Ulitaka nifagie kwa mkono?"

"Mgeni hufagiliwa," mheshimiwa alisema kwa upole. "Hafagii."

Twyla alikuwa akimtazama msichana begani. "Hizo nywele kwenye sweta yako ni za nini, mwanangu?"

Marit alijipangusa bega, lakini alikuwa amechelewa. "Za Gunnar," alisema.

"Gunnar ni kijana wako?"

"Paka."

Mheshimiwa aliweka kalamu chini taratibu, kama daktari anayetaka kumweleza mtu habari ya pafu lake.

"Amezaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Chini ya ngazi za bweni. Nilimwokota."

"Basi Gunnar ni mzawa wa kaunti hii, na wewe ndiwe mlezi wake kisheria. Unataka kumng'oa mzawa kwenye ardhi yake umpeleke Minnesota?"

"Nataka kufika kazini, mzee."

"Andika," mheshimiwa alimwambia Twyla. "Mkazi wa Kudumu kwa Nia Iliyofichika. Daraja la kwanza."

Marit hakulia, wala hakupiga meza, jambo ambalo mheshimiwa alilihesabu kama dalili nyingine ya kuizoea Pruett. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida. "Ng'ambo ya barabara kuna chuo, cha jimbo hili hili. Kila muhula wananitoza ada ya mgeni, mara tatu ya mwenyeji, kwa sababu wanasema mimi ni mtu wa kupita. Ninyi hapa mnasema ni mkazi wa kudumu. Sasa mimi ni nani?"

"Hilo ni swali la falsafa," mheshimiwa alisema. "Idara ya falsafa ni jengo la pili, ghorofa ya juu."

Yaliyofuata mheshimiwa aliyasikia kesho yake, Alhamisi, kutoka kwa Dakta Prentiss Loomis, mkuu wa ada chuoni. Wawili hao walikula kifungua kinywa pamoja kila Alhamisi, vitumbua vya siagi vilivyolowa mchuzi mweupe, na walikuwa na urafiki wa watu wawili wanaoshika mifuko miwili ya suruali moja.

"Kaja na cheti chako," Loomis alisema, akifuta masharubu. "Mkazi wa kudumu, daraja la kwanza, mhuri umekaa vizuri kabisa. Anataka ada ya wenyeji."

"Ukamwambiaje?"

"Nikakisoma. Nikaona kimetolewa na ofisi ya magari. Nikamwambia, dada, kilichothibitishwa hapa ni nia ya gari lako. Hongera kwa gari lako."

Mheshimiwa alicheka mpaka akaomba maji.

"Subiri. Akaniambia, basi gari lisome kwa ada ya wenyeji, mimi nitalisindikiza darasani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema haiwezekani, gari halijafanya mtihani wa kuingia chuo."

Wakacheka wote wawili. Mhudumu aliyekuwa akiwamiminia kahawa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Idaho. Hakucheka, lakini alisikia.

Marit alikuwa amelipa Jumatano ile ile. Zamu ya Harlan Creek ilikuwa haisubiri, na kule kulikuwa na bibi mmoja aliyekataa kula uji kwa mkono wa mtu mwingine yeyote. Aliisalimisha leseni yake ya Minnesota, akang'oa namba zilizofungwa na baba yake, akapigwa picha mpya huku amefumba jicho moja. Bima ya babaye ikamtoa, akatafuta nyingine. Mwishoni Twyla alimwuliza, kama sheria inavyomtaka amwulize kila anayechukua leseni, "Na nikuandikishe kuwa mpiga kura?"

"Ni shilingi ngapi?" Marit aliuliza. Kwao husema dola, lakini uchungu ni ule ule.

"Hiyo bure."

"Kuna kitu cha bure kwenye jengo hili? Niandikishe."

Baada ya hapo kazi ilipamba moto. Kufuli za magurudumu zikaisha, zikaagizwa nyingine. Twyla alipima nia kuanzia asubuhi mpaka maganda ya alizeti yakajaa kikombe. Kijana wa Ohio alikutwa anamjua kinyozi wake hadi jina la mke wa kinyozi. Mapacha wawili wa Georgia walipimwa tofauti: mmoja alikuwa na pazia na mwenzake hana, na kwa kuwa wanatumia gari moja, gari likasajiliwa upande wa kushoto. Msichana wa Arizona aliyesema kwa kiburi kwamba hana paka wala ufagio wala ua alionekana amejitayarisha kwa mahojiano, na mtu hajitayarishi kwa jambo asilolithamini. Wote waliambiwa ni wakazi. Wote waliulizwa kuhusu kura, na wote walijibu kama Marit, maana habari ya kitu cha bure haichelewi kusafiri.

Mheshimiwa alialikwa kwenye mkutano wa waweka hazina wa jimbo, akatuzwa usukani wa shaba. Aliutundika nyuma ya meza yake. Wakati mwingine, akiwa peke yake, aliugusa kidogo, akakata kona.

Kisha Loomis akaja mbio bila kofia, na haikuwa Alhamisi.

"Delmar, umenimaliza. Wamekuja na vyeti vyao chuo kizima, pamoja na wanafunzi wa sheria, na wale ni watu wabaya, wanasoma. Wanasema serikali ya jimbo haiwezi kuwaita wenyeji dirisha hili na wageni dirisha lile. Wanasema watakwenda mahakamani."

"Watashindwa."

"Watashinda. Nimemwuliza wakili wetu, kanijibu kwa kuniuliza kama nina akiba."

Walijifungia ofisini na mwanasheria wa kaunti, na kabla ya jua kuzama ule mkwamo mkubwa wa kikatiba ulikuwa umetatuliwa. Kwa kuwa kitengo kilipima nia kwa madhumuni ya gari, basi ukazi nao uwe wa gari. Waraka ukaandikwa: mwanafunzi ni mkazi wa Pruett anapokuwa kwenye magurudumu, na ni mgeni anapokuwa kwa miguu. Hivyo kaunti ingepata ada ya usajili na chuo kingepata ada ya wageni.

"Tatizo moja tu," mwanasheria alisema. Alikuwa mtu mwembamba aliyeogopa majaji kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Hatuwezi kuandika 'mwanafunzi'. Mahakama itasema ni ubaguzi. Andikeni 'mtu yeyote'."

"Maana ni ile ile," alisema mheshimiwa, akafuta, akaandika, akasaini.

Kesho yake asubuhi Loomis aliinua pazia la ofisi yake, iliyokuwa chini kabisa, upande wa bustani, akakuta gari la kahawia lenye mlango mmoja wa rangi nyingine limesimama kwenye maua, dirisha kwa dirisha. Marit alikuwa kwenye usukani na hati yake ya ada mkononi.

"Habari za asubuhi, daktari. Nimekuja kulipa. Kama mwenyeji."

"Shuka uje ndani, binti."

"Nikishuka nakuwa mgeni, na wageni kwako ni ghali."

Nyuma yake magari yalikuwa yamejipanga hadi kwenye sanamu ya mwanzilishi wa chuo, injini zikinguruma taratibu. Loomis alisimama pale na waraka mkononi, akiusoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa aliyokwisha kuimeza. Saa sita alikuwa bado anapokea ada za wenyeji kupitia dirishani, na bustani haikuwa bustani tena. Tangu siku hiyo kifungua kinywa cha Alhamisi kikavunjika.

Hata hivyo mheshimiwa hakuwa na wasiwasi. Lililompata Loomis lilikuwa la Loomis. Kaunti ilikuwa imejaa wakazi, na mwezi Novemba ungeleta uchaguzi, ambao kwa miaka yote aliyokuwa madarakani haukuwa na tofauti na siku yake ya kuzaliwa. Cheo cha Mweka Hazina kilipigiwa kura, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kukigombea isipokuwa yeye. Watu waliweka alama mbele ya jina lake kama wanavyopangusa miguu mlangoni.

Ni Twyla aliyemletea habari, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Wanafunzi wana mgombea."

"Muda wa kuchukua fomu ulipita."

"Wanaandika jina kwa mkono. Karatasi ya kura ina nafasi ya kuandika."

"Wanaandika nani?"

"Yule wa paka."

Mheshimiwa aliomba aelezwe tena. Marit Tvedt hakuutaka uongozi. Walipomfuata alisema yeye anataka gari lake liachwe lilale kwa amani. Lakini wale vijana wa sheria walikuwa wamechimba, wakakuta mgombea anatakiwa awe mkazi wa kaunti, na katika kaunti nzima hapakuwa na mtu ambaye ukazi wake ulikuwa umepimwa na kuthibitishwa kuliko yeye: wa kudumu, daraja la kwanza. Mheshimiwa mwenyewe hakuwa na cheti. Nia yake haikuwahi kupimwa na mtu.

"Mwanasheria anasemaje?"

"Anasema sahihi ni yako."

Mheshimiwa alikwenda dirishani. Vijana walikuwa wakipita, wengi kwa miguu, mabegi mgongoni. Akatabasamu. Kituo cha kura kilikuwa ukumbi wa kanisa, karibu na chuo, na kwa safari fupi kama hiyo hakuna mwanafunzi anayewasha gari. Akamwandikia msimamizi wa kituo, Bi Opal Hensley, kumkumbusha kwa heshima kwamba wapiga kura sharti wawe wakazi, na kwamba waraka wa magurudumu ungali na nguvu. Mtu yeyote atakayefika kwa miguu ni mgeni, arudishwe.

Siku ya kura alivaa suti ya kijivu akatembea hadi ukumbini, kama alivyofanya kila uchaguzi, akisalimia watu na kushika vichwa vya mbwa. Barabara ilikuwa imejaa magari pande zote mbili, mkia wa foleni hauonekani. Hilo lilimshtua kidogo. Bi Opal, bibi mkavu aliyewahi kumfundisha hesabu shule ya msingi, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Akaishia kwenye viatu.

"Delmar. Umekuja kwa miguu."

"Ndiyo. Hewa ni nzuri leo."

"Kwa hiyo wewe ni mgeni."

"Opal, usifanye mchezo. Ule waraka ni wa wanafunzi."

"Unasema 'mtu yeyote'. Nimeubandika ukutani. Huyo mtu yeyote ameandikwa kwa mkono wako, nausoma mwandiko wako tangu ulikuwa unaandika saba kinyume."

"Nitarudi nyumbani nikalete gari."

"Nenda. Lakini ukilipata utakaa mwisho wa foleni, na saa moja jioni nafunga."

Alirudi barabarani. Gari lake lilikuwa limezingirwa nyumbani. Mtaa wake mzima ulikuwa foleni. Alitembea kandokando ya magari, na kila dirisha lilikuwa na uso aliowahi kuupima. Kijana wa Ohio alimpungia. Mapacha wa Georgia walimpungia, wote upande wa kushoto. Jasho lilikuwa limeanza kumlowesha kola pale mlango wa rangi nyingine ulipofunguliwa mbele yake.

"Ingia, mheshimiwa," Marit alisema. "Humu ndani wewe ni mwenyeji."

Aliingia. Hakuwa na la kufanya. Kiti kilikuwa na nywele za paka, na suti ilikuwa ya kijivu iliyokolea.

Foleni ilikwenda kwa mwendo wa maziko. Mheshimiwa alichomoa unywele wa paka kwenye suti, akauliza, "Kweli hukuwa na nia ya kukaa?"

"Sikuwa nayo."

"Mimi nina binti. Corinne. Alikwenda kusoma Oregon. Siku anaondoka nilimfungia mizigo mwenyewe, akaniambia, baba, ni kwa muda tu. Mwezi wa kwanza akabadili leseni. Sasa ana watoto kule. Wanaongea kwa simu kama watu wa televisheni." Alitazama nje. "Natamani kungekuwa na mtu kule wa kumwuliza kuhusu mapazia. Ningejua mapema."

Marit alisogeza gari kidogo. "Pengine siku ile alikuwa anasema kweli."

"Nia hubadilika?"

"Ya kwangu ilibadilika Jumanne iliyopita. Kuna bibi Harlan Creek, nilimwambia nikimaliza masomo naondoka. Akaacha kula siku mbili. Nikajikuta namwambia nimetania." Alivuta breki. "Usiandike hiyo."

Hakuandika. Hakuwa na kalamu.

Walipofika mbele, Bi Opal alileta karatasi za kura dirishani, juu ya ubao wa kukatia mboga. Mheshimiwa alijipigia kura akiwa amekunja magoti hadi kifuani.

"Unampigia nani?" aligeuka kumwuliza Marit.

"Kura ni siri, mheshimiwa. Ila nashukuru jina langu ni fupi."

Mheshimiwa akashika kitasa cha mlango ili ashuke. Bi Opal akauzuia mlango kwa nyonga.

"Fikiri kwanza, Delmar. Ukikanyaga chini hapa, si mkazi. Asiye mkazi hawezi kuwa mgombea, na kura zako zote nitazitupa. Si mimi. Ni ukuta ule unaosema."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zihesabiwe."

"Mimi nina zamu," Marit alisema.

Hivyo ndivyo Mweka Hazina wa Kaunti ya Pruett alivyosafirishwa hadi Harlan Creek siku ya uchaguzi wake, mkanda ukiwa umemkaza, akipita mabango yake mwenyewe. Marit aliegesha chini ya taa, akamwachia funguo ili asikilize redio, akaingia ndani. Kila baada ya muda alitoka na kitu: kahawa, kisha supu ya viazi yenye kijiko cha plastiki. Wazee wakasikia kuna mtu amekaa kwenye gari, wakaja kumwona mmoja mmoja, wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia.

"Wewe ndiye mgonjwa mpya?" mzee mmoja aliuliza kupitia dirishani.

"Mimi ni Mweka Hazina wa Kaunti."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Sawa, ndugu. Wa chumba cha mwisho naye ni jenerali. Wanatutunza vizuri tu."

Haja ndogo ilimbana. Alizungumza nayo. Jengo lenye choo lilikuwa hatua chache kutoka pale alipokuwa mwenyeji, na katikati yake kulikuwa na lami, ambayo juu yake hakuwa mtu wa mahali popote. Alimwita Marit. Marit akarudi ndani, akatoka anasukuma kiti cha magurudumu cha wagonjwa.

"Waraka unasema magurudumu," alisema. "Hausemi injini."

Akakaa. Akasukumwa. Wazee wakampisha njia.

Redio ilitangaza matokeo wakati wa chakula cha usiku, na mheshimiwa aliyasikia akiwa mezani na wazee, kwenye kiti kile, kitambaa kifuani. Majina yaliyoandikwa kwa mkono yalikuwa mengi kuliko alama zote alizopata. Baadhi ya watu walikuwa wamekosea herufi za Tvedt, na msimamizi wa kituo alitangaza kwamba ameridhika na nia yao.

Uma zikaendelea kugonga sahani. Mzee mmoja aliomba chumvi. Mheshimiwa aliitoa miguu kwenye vikanyagio vya kiti, akaiweka sakafuni, akasimama. Hakuna kilichotokea. Akampa yule mzee chumvi.

Marit alitoka jikoni akiwa amebeba bakuli la uji. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwenda kununua tiketi ya kurudi kwao akauziwa stesheni.

"Hongera," mheshimiwa alisema.

"Asante, mzee." Akaketi kando ya bibi yake na kukoroga uji upoe. "Mnaanza saa ngapi asubuhi?"

"Saa mbili. Lakini Twyla hufika saa mbili na nusu." Alisafisha koo. Alikuwa ameishi katika jengo lile umri wake wote wa utu uzima, na hakuwahi kujifunza kazi nyingine. "Pale ofisini... hakutakuwa na nafasi yoyote? Hata dirishani."

Marit alimlisha bibi kijiko kimoja, akakipangusa kidevu chake, akafikiri kwa haki.

"Nafasi ipo," alisema. "Lakini ni ya muda."